Walipofukia Faili la Zamani

Senkondo Mcharo hakuwa na mke wala cheti cha ufundi. Hakuwa na neno katika baraza la maji, ingawa hakukosa mkutano hata mmoja, akikaa kando ya mlango kama mtu aliyeitwa kutengeneza bawaba. Hakuwa na kompyuta ya pili ya kujaribia kazi zake. Hakuwa na kitabu cha maelezo kilichokamilika, maana panya walikula kurasa za katikati wakaacha dibaji na faharasa. Hakuwa na mwalimu. Aliyemfundisha alikwisha kufa kwa vumbi la mgodi. Hakuwa na mtu mwingine yeyote pale kilimani aliyeijua kazi yake kiasi cha kumwambia amekosea. Na siku ile ya msaragambo, kijiji kizima cha Mkomanyi kilipokuwa kimesimama kikimtazama mikono, alikosa kitu kidogo kuliko vyote hivyo: ulimi wa kusema, "Tungojeni kwanza."

Pembe ilikuwa imepulizwa tangu asubuhi, na kila nyumba ilitoa mtu. Huo ndio msaragambo, wito wa kazi ya wote. Mababu wa Upare walipulizana pembe namna hiyo ili wachimbe mifereji na kuzoa tope katika ndiva, bwawa la jamii. Wajukuu wao waliishi katika zama ambazo ndiva ilikuwa imejengewa ukuta wa zege mrefu kuliko kanisa, na mageti yake yalifunguliwa na kompyuta. Lakini pembe ilikuwa ileile, na faini ya kutofika ilikuwa ileile. Safari hii hawakuitwa waje na majembe. Waliitwa kushuhudia faili likibadilishwa.

Mashine za Mkomanyi zilikuwa kuukuu, urithi wa nyakati ambapo kompyuta mpya zilikuwa bado zinafika milimani. Moja iliendesha mageti ya ndiva, moja ilikuwa ya zahanati, moja ya kinu, moja ya kengele ya shule. Kila moja ilikuwa na programu yake ndogo ya huduma, lakini hakuna hata moja iliyojua saa. Ikitaka kujua leo ni lini, au ingoje muda gani kabla ya kufanya jambo, ilipeleka swali kwa waya hadi kwenye kabati la chuma ofisini, na ndani ya kabati faili moja liitwalo Saa lilijibu. Zamani kila mashine ilikuwa na Saa yake tumboni. Baraza ndilo lililoamuru diski za ndani zing'olewe zote, libaki kabati moja. Kwa watu wa Mkomanyi, mwenye mfereji wake wa pembeni ni mwizi wa maji hata kama hajaiba bado. Kwa sababu hiyohiyo, magurudumu ya kufungulia mageti kwa mkono yalikatwa, yakayeyushwa kuwa majembe.

Sasa Saa ilikuwa imefika mwisho wa siku zake. Aliyeiandika aliipa kalenda, na kalenda ikaisha. Mwezi uliopita mashine ya mageti iliuliza tarehe, ikapata jibu lisilo na maana, ikagoma. Mvua moja tu ikajaza ndiva. Maji yakaruka juu ya ukuta, yakateremka na mbuzi wa watu hadi Ruvika, kijiji kilicho bondeni, na ukuta ukabaki na ufa unaoingia kidole. Hakuna aliyeokoa jambo siku ile. Mvua ilikatika yenyewe, basi. Senkondo alijaribu kuirudisha Saa nyuma, lakini haikuandikwa kurudi nyuma.

Ndipo chama cha waandishi wa programu huko pwani kikatuma Saa mpya, diski moja ndani ya gunia la chumvi.

Mzee Mrindoko, mwenyekiti wa baraza la maji, alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia yake ya sufu ikiwa imevutwa hadi kwenye nyusi. "Haya Senkondo. Watu wana njaa. Weka hicho kitu."

Aliweka. Alizima mashine zote, akanakili faili jipya katika kabati, akaziwasha tena moja baada ya nyingine. Mageti yalifunguka kidogo, yakafungwa, yakafunguka tena, na wanawake waliokuwa juu ya ukuta wakapiga vigelegele.

"Na vizibao?" aliuliza Sista Foibe. Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia swali.

Vizibao vilivaliwa na wale ambao mgodi wa mawe ya betri uliwala mapafu. Kilikuwa kizibao cha kitambaa chenye mifuko ya hewa. Mifuko ikivimba hubana kifua, ikinywea hukiachia, na mtu akapumua ilhali misuli yake mwenyewe imechoka zamani. Vilikuwa vya bei ndogo, havina akili. Mdundo wote, bana na achia, vililetewa na mashine ya zahanati, nayo iliuliza Saa.

"Vinapumua," alisema Senkondo. Alikuwa amevitazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

"Na kesho vitapumua?"

"Sista, mashine inajua wapi mambo ya kesho?" Mzee Mrindoko alidakia, na watu wakacheka. "Tufukie, twende tukale."

Kufukia ndiyo ilikuwa desturi. Anayefungua mfereji mpya hufukia wa zamani siku hiyohiyo, mbele ya watu, asije mtu akaurudia kwa siri. Senkondo alifuta Saa ya zamani katika kabati. Kisha kila diski iliyokuwa na nakala yake ikaletwa uwanjani na kutupwa motoni.

"Na ile aliyoificha mkwe wangu chini ya godoro?" mama mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika.

"Ile ni pombe ya dengelua, mama," mkwe mwenyewe akajibu. "Ile haina toleo jipya."

Senkondo naye alitupa diski zake. Moja hakuitupa. Asidhaniwe kwamba aliona mbali. Diski ile ilikuwa na karatasi ubavuni, na juu ya karatasi mwalimu wake aliandika neno "Saa" kwa mwandiko wake wa kulala, na Senkondo hakuwa na kitu kingine chochote chenye mwandiko ule. Aliiacha nyumbani ndani ya kopo la maziwa ya unga, akatoka uwanjani akinuka moshi kama wengine.

*

Dada yake, Nakiete, ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa amelala kitanda cha dirishani zahanati, dirisha likitazama bonde, na kwa mbali mabati ya Ruvika yaking'aa. Binti yake Naetwe ameolewa huko chini. Ana watoto watatu, na wa nne yuko njiani.

"Mdogo wangu," alimwambia Senkondo alipomletea ndizi za kuchemsha, "hiki kizibao chako siku hizi kinafikiri sana."

"Kinafikiri vipi?"

"Kinanibana, halafu kinakaa. Kama mtu anayejiuliza aniachie au asiniachie." Alingoja kizibao kimpe pumzi, akaendelea. "Jana nilikuwa naimba nacho ubeti mmoja. Leo naishia mstari wa tatu."

Senkondo alikaa naye hadi chakula kikapoa, akisikiliza. Kisha alikwenda kwenye mashine ya zahanati, akakaa siku mbili mbele yake, akisoma namba zilizokuwa zikipita kwenye waya.

Alichokiona kilikuwa kitu rahisi. Saa ya zamani ilihesabu wakati kwa sekunde. Saa mpya, ili ipate kalenda ndefu, ilihesabu kwa vipande vyembamba zaidi, na namba zake zilikuwa ndefu. Programu ya mageti ilikuwa na nafasi ya kutosha kuzipokea. Programu ya vizibao haikuwa nayo. Ilipokea namba, ikaikata mkia, ikatumia kilichobaki. Na kwa kuwa namba zilizidi kukua kila siku, kilichokatwa nacho kilizidi kukua. Kila jua lilipokuchwa, nafasi kati ya pumzi na pumzi ilikuwa imerefuka kidogo. Kuzima na kuwasha hakukusaidia. Kungoja ndiko kulikoharibu.

Alijaribu kuibadilisha programu yenyewe. Iligundua kuwa imeguswa, ikakataa kuwaka hadi alipoirudisha ilivyokuwa. Alijaribu kuiambia iulize faili lenye jina lingine, ikakataa hivyohivyo. Alizungumza na chama cha waandishi kwa redio. Aliyejibu alikuwa kijana mstaarabu.

"Ya mageti tunaijua, mzee wangu. Hiyo ya vizibao nani aliiandika?"

"Jina lililomo ndani ni la mtu wenu."

Karatasi zikafunuliwa. "Huyo ni marehemu. Kazi yake alikuwa nayo kichwani. Tutaangalia, lakini nisikudanganye, itachukua miezi. Rudisheni la zamani kwa sasa."

"Tumelifukia."

"Mmefanya nini?"

Senkondo alijaribu kumweleza habari za mifereji. Kijana alisikiliza kwa adabu, na mwishoni akauliza kama kuna mtu mwingine hapo anayeweza kuongea naye.

*

Watu wa Mkomanyi si watu wa kukaa bure. Baraza liliposikia, pembe ikapulizwa tena, na zamu zikapangwa za kukamua vizibao kwa mikono. Mtu unakaa kitandani, unaweka viganja juu ya mifuko ya hewa, unabana, unaachia, unabana, unaachia. Kwa siku za kwanza walikuja wengi, wakiimba. Lakini wagonjwa walikuwa zaidi ya thelathini, na mikono ina mwisho wake, na tangawizi ilikuwa shambani inangoja kung'olewa. Wenye watoto wakubwa walikamuliwa na watoto wao. Wasio na mtu, kama Mzee Kadeghe aliyekuwa mchimbaji hodari, waliangukia mikono ya Sista Foibe, na mikono hiyo ilikuwa miwili.

Katika siku hizo Senkondo alikuwa akilitoa lile kopo la maziwa, analishika, analirudisha. Alijua kilichomo. Saa ya zamani ikirudi kabatini, vizibao, visivyohitaji tarehe, vitapumua sawasawa saa hiyohiyo. Na mageti yatagoma saa hiyohiyo, kwa kuwa wote wanakula sahani moja. Vuli ilikuwa imeanza. Ukuta ulikuwa na ufa. Ukuta ukienda, Ruvika inakwenda nao. Hata wangehamishwa watu wote, wa juu na wa chini wangekuwa hawana pengine pa kuchota maji katika nchi ile kavu hadi mbuga. Aliyepona mafuriko angekufa kwa kiu, taratibu.

Kuliambia baraza aliogopa, na hakuogopa faini. Alijua kingetokea nini. Wenye wagonjwa wangesimama upande mmoja na wenye ndugu Ruvika upande wa pili, na mapanga ya kufyekea mifereji yako kila nyumba.

Jumamosi moja mbingu ilipokuwa safi na watu wako kanisani kwa ibada ya Sabato, alijaribu njia ya katikati. Alijiambia kwamba siku za jua vizibao vitumie Saa ya zamani, na siku za mvua mageti yatumie mpya. Aliingia ofisini, akazima mashine zote, akaweka ya zamani, akaziwasha. Kisha akatembea, hakukimbia, hadi zahanati.

Alisikia kabla hajafika. Vizibao vyote vilikuwa vinapumua pamoja, kwa mdundo wa zamani, kama watu wanaotembea barabarani bila haraka. Nakiete alikuwa ameketi. Midomo yake ilikuwa imerudi rangi yake. Kwenye kitanda cha mbele Mzee Kadeghe alikuwa anausimulia ukuta habari za mgodi, sentensi nzimanzima, na kwa kuwa ukuta haukumbishia, alikuwa na furaha.

"Umefanya nini?" Nakiete alimwuliza mdogo wake, akitabasamu.

"Nimefunga nyaya vizuri."

Alimjua tangu akimbeba mgongoni. "Basi zimefungika," alisema, akaanza kuimba ubeti mzima, na wengine wakampokea.

Saa tisa mchana wingu lilionekana juu ya mlima Shengena. Halikuwa kubwa. Senkondo alilitazama likikua, akaomba liende upande wa mbuga, na likaja upande wao. Maji ya kwanza yalipogusa ukuta hakuwa na la kufanya ila kurudi ofisini. Akazima mashine zote. Akaweka Saa mpya. Akawasha.

Kabati lilikuwa la kizee na siku ile lilikuwa limezimwa mara mbili. Lilinguruma, likanyamaza, likanguruma tena. Alilipiga kofi ubavuni. Alizungumza nalo kama mtu anavyozungumza na punda. Mageti yalipofunguka hatimaye, maji yakiwa yamebakisha shubiri moja kufika kwenye ufa, alikuwa amekaa chini sakafuni.

Wakati wote huo vizibao havikupumua kabisa.

Kanisa lilikuwa limetoka, na waliokuwa na watu wao walikimbilia vitandani wakakamua. Mzee Kadeghe hakuwa na mtu. Sista Foibe alikuwa kitanda cha tatu akikamua wawili, mkono huku na mkono huku, na kila alipomtazama mzee yule alimwona anamtazama. Alipomfikia, bado alikuwa anatazama, lakini hakuwa anamwona mtu.

*

Sista Foibe alimkuta Senkondo ofisini siku ya maziko, jua likiwa kichwani. Hakuketi.

"Asubuhi ya Jumamosi vilipumua. Nina miaka mingi na vizibao hivi, sidanganyiki na nyaya. Unayo ile ya zamani."

Senkondo aliufunga mlango wa kabati.

"Sijaja kukushitaki. Nimekuja kuichukua."

"Ukiiweka mageti yanafunga, Sista."

"Najua yanafunga."

"Ruvika kuna watu elfu na zaidi. Na maji ya wote."

"Sawa." Alikunja mikono yake iliyovimba viganja kwa kukamua. "Mimi hawa wangu nawaona, Senkondo. Nawageuza, nawafuta, najua nani anapenda mto upande gani. Hao wa Ruvika wewe unawahesabu tu. Ni rahisi kumwua mtu kwa hesabu."

"Nakiete yumo katika hao unaowageuza."

"Ndiyo. Na ndiyo maana sikuelewi." Sauti yake haikupanda. "Ungekuwa mkatili ningekuelewa. Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Wewe kila siku unamletea dada yako ndizi, halafu unarudi hapa kulinda kitu kinachomnyonga. Unalala vipi?"

"Silali."

"Hiyo haimsaidii." Alielekea mlangoni. "Kesho kuna baraza. Nitasema. Wachague wenyewe, mchana kweupe, wakitazamana. Au uchague wewe kabla, ukiwa bado peke yako. Ila usije tena kwangu na njia ya katikati. Nimetoka kuizika."

Alimwacha hapo. Senkondo alikaa akilitazama kabati. Alifikiri kwamba waliokata magurudumu ya mageti hawakuwa watu wabaya. Walimwogopa mwizi mmoja, ambaye pengine hakuzaliwa, na kwa kumwogopa wakawafunga wote kwenye kamba moja na kuiita kamba hiyo undugu. Na yeye fundi wao aliikaza kwa mikono yake, siku ya sherehe, kwa kuona haya kuwachelewesha watu chakula chao. Hakuona mlango wa kutokea popote katika mambo hayo. Alifika nyumbani, akalifungua kopo la maziwa, akaitia diski mfukoni, akaenda kwa dada yake.

Alimweleza yote. Nakiete alimsikiliza akiwa amefumba macho, na kwa kuwa sasa kusema kulimgharimu, hakumkatiza.

"Lete niione," alisema mwishoni.

Akampa. Aliigeuza mkononi, kipande chembamba cha plastiki, chepesi kama ukucha. "Mwandiko wa marehemu huu."

"Wake."

"Alikuwa anapinda herufi kama mkia wa mbuzi." Akapumzika. Kizibao kilimbana, kikakaa, kikakaa. Senkondo aliweka viganja vyake akaanza kumkamua ili maneno yapate kutoka. "Naetwe anajua?"

"Hapana."

"Mvua ile ya mbuzi, alinitumia salamu. Maji yalifika mlangoni kwake. Mlangoni." Bana, achia. "Nipe kile kisu cha ndizi."

"Dada."

"Nipe. Wewe huwezi. Tangu utotoni kuku nilikuwa nachinja mimi."

"Hawa wenzako je?" Senkondo alisema kwa sauti ya chini. "Hujawauliza. Mimi sijawauliza."

Nakiete aligeuza kichwa akavitazama vitanda, kimoja kimoja, hadi ukutani. Wapo waliomtazama, wasijue alichoshika. Mama wa kitanda cha pili alimpungia mkono. Naye akampungia.

"Nikiwauliza watakataa," alisema. "Na wana haki." Machozi yalimtoka bila sauti, maana kulia nako kunataka pumzi. "Kwa hiyo siwaulizi. Hilo nitalijibu mimi huko niendako. Nipe kisu."

Senkondo aliacha kumkamua. Kisu kilikuwa juu ya sahani, karibu na mkono wake wa kulia. Angeweza kukisogeza mbali. Angeweza kuichukua diski, kwa kuwa dada yake hakuwa na nguvu ya kumzuia hata mtoto wa kunyonya. Alikitazama kisu. Kisha akakishika makali, akampa mpini.

Nakiete aliikata diski mara tatu, akipumzika kati ya mkato na mkato. Plastiki ililia kama ganda la njugu. Vipande akavitia katika maganda ya ndizi, akavisukuma ukingoni mwa sahani, akalala.

Sista Foibe alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Aliitazama sahani, akamtazama Nakiete, kisha akatembea hadi kitanda cha mwisho, akaketi, akaweka viganja juu ya kifua cha mgonjwa wa kwanza. Bana, achia. Baraza halikuwa tena na la kuchagua, na yeye alikuwa na kazi.

*

Wingu lilikuwa limekaa juu ya Shengena kwa siku mbili, na kila walipotega sikio walisikia mageti yakifunguka na kujifunga kwa utiifu, yakipunguza maji. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Cha mbele kilikuwa kitupu tangu zamani.

"Gari la tangawizi linashuka leo?" Nakiete aliuliza. Sasa ilibidi Senkondo amkamue kwa kila maneno mawili matatu.

"Linashuka adhuhuri."

"Basi chukua karatasi. Andika. Acha kunikamua uandike, kisha nikamue, kisha uandike."

Wakafanya hivyo. Alisema maneno machache, akaishiwa; Senkondo akayaandika upesi, akatupa kalamu, akarudisha mikono kifuani mwake. Barua fupi iliwachukua asubuhi yote.

*Mwanangu Naetwe. Sijambo. Mjomba wako amenitengenezea kizibao vizuri, kinapumua kuliko zamani. Usipande huku. Njia ni tope na wewe ni mjamzito, na huku hakuna kazi inayokusubiri. Kaa na watoto. Mageti ni mazima, mjomba wako ameyaangalia mwenyewe, msiogope mvua. Huyo anayekuja, akiwa wa kike, usimpe jina langu, ni la kizamani. Tafuta zuri. Nitakuja nikiona jua limetulia.*

Senkondo alifika hapo akasimamisha kalamu. "Hili la mwisho nisiandike?"

"Kwa nini?"

"Dada, kwa sababu."

"Andika," alisema Nakiete. "Asipoliona atapanda."

Akaandika. Akamshikisha kalamu, naye akachora jina lake chini kwa herufi kubwa za shule ya madarasa machache, herufi ya mwisho ikateleza hadi ukingoni mwa karatasi. Kisha akafumba macho, na Senkondo akarudi kukamua, akiwa amekwisha kujua kwamba hawezi kukamua na wakati huohuo kupeleka barua.

"Nenda," dada yake alisema. "Litakuacha."

"Nikienda nani atakukamua?"

"Kitanikamua chenyewe. Kinafikiri tu, kitafika."

Alimtafuta Sista Foibe kwa macho. Alikuwa mwisho wa chumba na mikono yake miwili ilikuwa na watu. Senkondo alichovya kidole katika uji uliobaki kwenye kikombe, akapaka ukingo wa bahasha, akaufunga, akaupitishia kucha mara mbili ili ushike. Akatoka. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari, magunia ya tangawizi yamefungwa turubai, na matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka juu yake.

"Ya nani hii, mzee?" dereva aliuliza akiipokea dirishani.

"Ya Naetwe wa Ruvika. Inatoka kwa mama yake."

"Hajambo mama?"

"Amesema hajambo," Senkondo alijibu.

Dereva aliichomeka barua nyuma ya kioo cha jua, akaachia breki, na gari likateremka polepole kuelekea bondeni, likifuatana na maji.